Mwaka Nilioitwa Bianchi

Ujumbe uliingia Jumapili asubuhi nikiwa napepeta mchele. Kundi letu la simu, la sisi tuliofanya kazi pamoja Doha, lilikuwa kimya tangu Idi. Mtu akaandika: "Esposito ametutoka. Kafia kwao Pangani. Mungu amlaze pema." Kabla sijaweka ungo chini pole zilishafika nyingi, na zote zilikuwa za namna moja: pole kwa familia ya Esposito, tangulia Esposito, jembe letu Esposito. Hakuna hata mmoja aliyeandika jina la yule mtu. Nilikasirika. Sisemi uongo, hasira ilitangulia, huzuni ikaja baadaye. Halafu nikajiuliza, kama kawaida yangu: una haki gani wewe Mwanaidi ya kuwakasirikia? Wewe mwenyewe jina lake ulilijua lini, na ulilijua kwa nani? Ndipo nikavuta sanduku nikatoa madaftari. Mimi ni mtu wa darasa la saba, vitabu sijui kuandika, ila tangu nianze kazi Doha nilikuwa naandika kila siku mistari miwili mitatu, na daftari la mwaka 2012 ndilo lililochakaa kuliko yote. Nitaandika yaliyomo humo. Pale ambapo daftari na kichwa changu havikubaliani, nitasema.

Mgahawa wetu ulikuwa ghorofa ya chini ya hoteli ambayo sitaitaja. Chumba kirefu, mwisho wake tanuri la matofali la kuokea piza, na nyuma ya tanuri kijikorido cha kwenda chumba chetu cha kulia, kisicho na dirisha, chenye meza mbili na feni moja. Mkubwa wetu alikuwa Mtaliano, Bwana Zoppi, mtu mnene wa miaka hamsini hivi, mikono yake imejaa alama za kuungua. Tulimwita mudiri, kama watu wa kule wanavyomwita mkuu wa kazi. Hoteli nzima wahudumu walivaa beji za jina la kwanza. Bwana Zoppi hakutaka. Wiki moja kabla ya kufungua alituketisha kwenye kile chumba cha kulia, akamimina mezani beji kutoka kwenye bahasha, kila moja imeandikwa jina la ukoo la Kitaliano. Alisema, kwa Kiingereza chake cha kukatakata, kwamba mgeni anayeingia pale anataka ajione yuko Italia. Tena akaongeza: kwingine wanawaita kwa jina moja, kama anavyoitwa mtoto atumwe dukani, hapa mtaitwa Signora fulani, Signor fulani, kwa heshima. Hilo la heshima lazima niliandike, maana alilisema, na nadhani alilimaanisha.

Watu waligombea Ferrari. Mfilipino mmoja aliishika beji ile kwa mikono miwili asiiachie. Bwana Zoppi akacheka: "Mnafikiri ni magari? Ferrari ni wahunzi tu. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi, ndiyo maana wamejaa." Akatueleza kwamba zamani kwao watu hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa Petro, basi. Petro walipofika watano, majirani wakaanza kuwatenga kwa midomo yao: Petro mhunzi, Petro wa nywele za kipilipili, Petro wa ng'ambo ya mto, Petro wa Stefano. Halafu siku moja akaja karani na kitabu chake, wa kanisa au wa kodi, akaandika alichosikia, na kuanzia hapo wajukuu wa kipilipili ni Ricci hata wakiota upara. "Na mimi," akajipiga kifua, "Zoppi ni viwete. Babu wa babu wa babu alichechemea, basi ukoo mzima tunachechemea kwenye karatasi." Mkenya wa Bungoma aliyekuwa amekaa karibu yangu akainua beji yake iliyoandikwa Moretti. "Na hii, mudiri?" Bwana Zoppi akaangalia beji, si uso wake. "Weusi weusi," akasema. Yule Mkenya akaibandika kifuani. "Poa tu. Angalau mimi nimeandikiwa ukweli. Sasa huyu sister je?" Akageukia beji yangu, Bianchi. Bwana Zoppi akasema Bianchi ni weupe. Ooh! Watu walicheka mpaka wakashika meza. "Mweupe wetu!" Moretti akapiga kelele. "Stima zikipotea tunakuwasha wewe!" Nikacheka na mimi. Daftari linasema: "Leo nimepewa jina, maana yake weupe. Nimecheka." Halisemi kwamba nililia chooni. Hilo nalikumbuka kichwani tu, na huenda nimelitia chumvi kadiri miaka ilivyokwenda.

Esposito ilimwangukia Mtanzania mwenzangu, fundi wa tanuri, mtu wa Pangani. Alikuwa mrefu, mpole, anayeongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mgahawani akawa Esposito. Kwetu, sisi Watanzania na Wakenya tuliopanga kule Muaither, pembezoni mwa Doha, alikuwa Baba Rehema, kwa jina la binti yake, maana ndivyo alivyojitambulisha siku ya kwanza kwenye basi la kampuni, na nani kwetu anamwuliza mtu mzima jina lake la kuzaliwa akishakwambia yeye ni baba wa nani? Siku za mapumziko alikuja kwenye nyumba yetu ya wanawake, akakaa barazani, tukamtolea ugali. Unga wa mahindi ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo tulisonga ule unga wa ngano wa chengachenga uliokuwa ukinyunyizwa chini ya piza. Ugali wake unateleza, hauna nguvu, lakini yeye alikuwa akifumba macho anasema, "Dada, hapa umenifikisha nyumbani." Naandika haya ili ijulikane tulikaa naye kiasi gani. Kilikuwa kiti kimoja cha basi, mwaka mzima, asubuhi na jioni.

Kwa miezi mitano hatukujua maana ya Esposito. Kila akiulizwa, Bwana Zoppi alijibu tu kwamba ni jina la Napoli, limejaa kama mchanga, na kwamba fundi bora wa tanuri aliyewahi kumwona alikuwa Esposito. Siku moja, katika zile saa za mapumziko kati ya chakula cha mchana na cha jioni, tulikuwa tunakula makaroni yaliyobaki, mudiri naye amekaa nasi, sahani kwenye goti. Baba Rehema akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mudiri, wote wameambiwa maana zao. Yangu bado." Bwana Zoppi akaweka sahani yake mezani. Kisha akasema Esposito maana yake ni aliyewekwa nje. Zamani Napoli palikuwa na nyumba ya masista yenye tundu ukutani, na ndani ya tundu pipa la mbao linalozunguka. Mama asiyeweza kulea, au aliyekataliwa na mwanamume, alikuja kumweka mtoto kwenye pipa, akalizungusha, akavuta kengele, akaondoka. Mtoto hana baba, hana ukoo, karani anaandika Esposito. Moretti akaacha kutafuna. "Yaani mudiri, umempea mzee jina la mtoto wa kutupwa?"

Baba Rehema hakuonyesha hasira wala mshtuko. Aliuliza, "Na upande wa ndani, nani alikuwa anaisikia ile kengele?" Bwana Zoppi akasema palikuwa na mtu wa zamu, anakaa pale kwa kazi hiyo tu. "Usiku na mchana?" "Usiku na mchana." "Na akisikia?" "Anazungusha pipa, anamtoa mtoto, anamfunika." Baba Rehema akaitikia kwa kichwa mara mbili, akainuka akaenda kuosha sahani yake. Maneno hayo yako kwenye daftari neno kwa neno, na chini yake nimeandika kwa wino uliokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: "Hili sitakubali."

Nilikwenda kwa Bwana Zoppi kesho yake, amesimama mbele ya rafu ya vikombe. Nilimwambia abadilishe beji ya yule mtu. Nilimwambia mtu ana baba, ana babu, ana mtoto, ana mkeka wa kuswalia na nyumba ya mabati Pangani aliyoijenga mwenyewe, hajaokotwa. Akaniambia kwao Esposito ni mawakili, ni madaktari, hakuna anayewacheka. Nikamwambia hao wa kwenu wamelirithi, huyu amebandikwa. Akasema, "Mwenyewe akiniomba nitabadilisha leo hii." Nikaenda kwa Baba Rehema. Akasema, "Liache, Bianchi." Aliniita Bianchi! Nikamwona mwoga. Wiki ileile Bwana Zoppi akamtoa kwenye tanuri, kazi ya ufundi, akampeleka meza ya kukanda unga, bila kueleza mtu. Nikayafunga mambo yote mawili fundo moja: kwanza umemwita wa kutupwa, sasa unamtupa kweli. Kwa wiki tatu sikumsemesha mudiri ila kwa neno la kazi. Nilimchukia. Nilifurahia kumchukia pia, hilo nalo niliseme.

Halafu ikaja ile siku ya Al Wakrah, mji wa pwani jirani na Doha. Tulikuwa na mapumziko watatu, mimi, Moretti na Baba Rehema, tukaenda kununua samaki. Jua lilikuwa la kuchoma soli. Tukiwa tunasubiri basi la kurudi, saa tisa mchana hivi, Baba Rehema akaniambia, "Dada, nishikie hii," akanipa mfuko wa samaki, na kabla sijaushika vizuri alishaanguka. Alijipinda, meno yameumana, mkono unapiga lami. Moretti akamwekea shati chini ya kichwa, akawa anapiga kelele, "Mzee! Mzee wangu!" Wapita njia wakapiga simu, gari la wagonjwa likaja, tukafuata kwa teksi, mimi bado nimeshika samaki.

Mapokezi alikuwepo nesi wa Kihindi, mpole, sina la kumlaumu. "Jina la mgonjwa?" Moretti akasema, "Esposito." Mimi, kwa wakati uleule, nikasema, "Baba Rehema." Nesi akaandika yote mawili, akatuangalia. "Lipi ni la kwanza?" Kitambulisho chake kilikuwa ofisini kinahuishwa. Mfukoni walikuta beji na tasbihi, basi. Daktari akaja akauliza kama ana ugonjwa wa siku nyingi, kama kuna dawa anameza, maana bado alikuwa anashikwa tena na tena, na dawa nyingine wakimwongezea juu ya zile alizokwisha kunywa zinaweza kumzima pumzi. Alisema kama amewahi kutibiwa popote mjini faili lipo, tuwape tu jina. Jina tu. Nilijua kwamba kila mwezi kuna asubuhi moja anaomba ruhusa. Anakwenda wapi, sikuwahi kuuliza. Nilijua anapenda ukoko, nilijua Rehema anashika nafasi ya ngapi darasani. Jina lake sikulijua. Nikapiga simu ofisi ya wafanyakazi. Karani akasema, "Esposito? Hapa hatuna Mtaliano wa jina hilo. Nipe jina la pasipoti au namba ya mfanyakazi." Nikamwambia ni yule mrefu wa Pangani. Akasema, "Dada, tuna watu mia nne hapa." Na yeye je, nimlaumu? Alikuwa na haki. Kila mtu siku ile alikuwa na haki, na mtu analala pale ndani anajipinda.

Ilibidi nimpigie Bwana Zoppi. Hakuuliza swali. Alifika na teksi, amevaa koti la jikoni, unga mpaka kwenye nyusi, akatoa mfukoni kijitabu chenye mpira wa kukifunga. Akafungua akasoma, taratibu, kila herufi mahali pake: "Hatibu Salehe Mbwana." Akataja tarehe yake ya kuzaliwa. Akasema ana kifafa, akataja dawa. Dakika kumi faili likapatikana. Jioni Hatibu Salehe Mbwana alikuwa amelala usingizi wa kawaida, midomo imekauka, mkono umefungwa bandeji.

Tulikuwa kwenye korido, tumekaa kwenye viti vya plastiki. Nikamwuliza, "Ulikuwa unalijua jina lake?" Akashangaa. "Nayajua yote. Niliwauliza siku ya usaili." Akafungua ukurasa mwingine. "Mwanaidi Shabani Kombo. Uliniambia maana yake msichana aliyezaliwa siku ya Idi." Alilitamka vizuri kuliko mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Hapo ndipo hasira ilipopanda mpaka masikioni. Kama asingejua, ningeweza kumwita mjinga nikapumzika. Lakini alijua! Alikuwa na majina yetu mfukoni, yamefungwa na mpira, na kila asubuhi akatuita Weupe na Weusi na Aliyewekwa Nje. Nilimwambia hivyo, Moretti akawa ananivuta mkono, "Sister, tulia, watu wanaona." Bwana Zoppi akasema Hatibu alimwomba asimwambie mtu kuhusu kifafa, anaogopa kurudishwa, ndiyo maana alimwondoa kwenye moto kimyakimya. Kuhusu majina akasema, "Nilidhani jina la kazi linachafuka kazini, na lile la nyumbani mnarudi nalo safi." Mpaka leo sijui kama hilo ni jibu au kisingizio. Nimelipima miaka yote hii, siku nyingine linainamia huku, siku nyingine kule. Kisha akaniuliza, bila ukali: "Na wewe, Mwanaidi, ulikuwa unamwitaje?" Nikaangalia ule mfuko wa samaki chini ya kiti. Ulishaanza kunuka.

Hilo ndilo ambalo sijalisamehe, na sijui nisimsamehe nani. Sisi wenyewe ndio majirani wa yule Petro. Tulimtenga kwa midomo yetu, Baba Rehema, Baba Rehema, kwa upendo na adabu zote, na siku karani alipofungua kitabu hatukuwa na kitu cha kumpa. Aliporudi kazini niliapa nitamwita Hatibu. Nimepekua daftari jana: nilimwita hivyo siku nne. Siku ya tano nimeandika, "Esposito kaniletea tende." Sikuliona hata nilipokuwa naliandika. Mkataba wangu ukaisha, nikarudi Muheza, na yeye miaka miwili baadaye akarudi kwao.

Basi baada ya ule ujumbe nikaandika kwenye kundi: "Aliitwa Hatibu Salehe Mbwana." Moretti peke yake ndiye aliyejibu: "Eish. Asante sister. Mimi naitwa Wafula." Nikapanda gari nikaenda Pangani kwenye arobaini. Rehema mwenyewe ndiye aliyenipokea mlangoni, mrefu kama baba yake. "Shikamoo. Bila shaka wewe ndiye mama Bianchi." Nilisema marahaba, na lile jina likanichoma palepale, mbele ya wafiwa. Kwenye mkeka alikuwa amekaa mtoto wa kike wa miaka minne hivi, amevaa sare ya chekechea, na kwenye mfuko wa sare jina limedariziwa kwa uzi mwekundu: MARIAMU ESPOSITO.

Nilishindwa kujizuia. Nilimwuliza Rehema, kwa sauti ambayo sasa naona haikuwa ya msibani, nani aliandika vile. Akainamisha kichwa. Akasema baba wa mtoto wake aliikana mimba ikiwa na miezi mitatu, ukoo wao wakasema hawamtambui. Siku ya kwenda kumwandikisha, karani alipouliza jina la baba, mzee Hatibu alisogea mbele akasema, andika Esposito. Karani akamwambia hilo si jina la kwetu. Akamwambia, andika. "Alisema kwenu kule Doha aliambiwa maana yake," Rehema akasema. "Maana yake mtoto aliyesikiwa kengele yake. Akapokelewa. Si ndiyo, mama?" Akaniangalia, na mtoto naye akaniangalia, kidole mdomoni.

Mimi ni mtu wa kusema mambo kama yalivyo, ndiyo sifa pekee niliyonayo. Maana yake ni aliyewekwa nje. Nilikuwepo, niliandika, karatasi ilitoboka. Miaka yote nilibeba hasira kwa niaba ya mtu ambaye alikuwa ameliingiza jina lile nyumbani kwake, akalifunika. Na bado nimekasirika: na yule mwanamume aliyekana, na beji, na kijitabu chenye mpira, na mimi.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Ndiyo maana yake."

Mtoto akanisogelea akaniuliza mimi naitwa nani. Nikamwambia: Mwanaidi Shabani Kombo. Akarudia, akakosea, nikamrudisha, akarudia tena, mpaka akalipata lote.